JINA LISOMWE KABLA YA FEDHA KUTUMWA
Ufafanuzi kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wanaotuma fedha baina ya Visiwani na Dodoma

Kila mwaka unapoingia mwezi wa Aprili, watu wengi wa Unguja na Pemba huvuka bahari kuelekea Dodoma. Wapo wanaokwenda kwa shughuli za Bunge la Bajeti, ambalo huendelea hadi mwishoni mwa Juni. Wapo wanaohudhuria vikao vya taasisi za Muungano. Wapo vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007. Na wapo wanaoitwa kwenye usaili wa ajira. Tokea Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya Jiji tarehe 26 Aprili 2018, safari hizo zimeongezeka. Pamoja nazo zimeongezeka fedha zinazotumwa kwa simu na kwa benki: kodi ya nyumba, ada ya masomo, nauli, posho, na bei ya mahindi ya Kibaigwa au zabibu za Hombolo.

Palipo na fedha nyingi zinazosafiri hapakosi mwenye kuzivizia njiani. Kwa miaka kadhaa sasa, simu za watu wa kila daraja zimekuwa zikipokea ujumbe mfupi wenye maneno yanayokaribiana na haya: ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Ujumbe huo hausemi nani ameuandika, wala pesa yenyewe ni ipi. Hutupwa kama mvuvi atupavyo wavu asiyemjua samaki atakayenasa. Katika watu wengi wanaoupokea, hapakosi mmoja ambaye siku hiyo hiyo anadaiwa kodi, au ameahidi kumpelekea mtu fedha, na akadhani kuwa ujumbe huo umetoka kwa yule anayemdai.

Mfano wa mambo yanavyokwenda

Achukuliwe kwa mfano mtumishi aliyehamishiwa katika ofisi moja iliyopo Mji wa Serikali, Mtumba, naye amepanga chumba katika mtaa wa Nkuhungu. Amekubaliana na mwenye nyumba kwamba kodi ya miezi sita itatumwa mwisho wa mwezi. Siku mbili kabla ya tarehe hiyo unaingia ujumbe: ile kodi uitume kwenye namba hii, ile yangu ina matatizo, jina litakuja la mke wangu, na jina la mwanamke limeandikwa. Mtumishi anaingiza namba, anaingiza kiasi, na kioo cha simu kinamwonesha jina lile lile la mwanamke alilotajiwa. Moyo wake unatulia. Anaweka namba ya siri. Baada ya siku mbili mwenye nyumba halisi anagonga mlango kuulizia kodi yake.

Katika mfano huu mtambo haukukosea hata kidogo. Jina lilioneshwa kama inavyotakiwa, na mtumaji alilisoma. Kilichokosekana ni jambo moja tu: jina lile alipewa na mtu yule yule aliyempa namba. Alichokifanya ni kuulinganisha uongo na uongo, akaona vimewafikiana. Hapo ndipo ilipo siri ya utapeli huu, na ndipo hapana budi kila mtumaji wa fedha apaelewe vyema.

Kazi ya karani imehamia kwa mtumaji

Wazee wanakumbuka hawala za posta. Mtu aliyepelekewa fedha alikwenda mwenyewe posta na kitambulisho chake. Karani akalitazama jina lililoandikwa kwenye hawala, akalitazama jina la kitambulisho, akautazama na uso, ndipo akahesabu noti. Uhakiki ulifanywa na mtumishi asiye na haraka, tena wakati fedha bado zimo mikononi mwa Posta.

Huduma za fedha kwa simu zimeubadilisha utaratibu huo. Vodacom ilianzisha M-Pesa hapa Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Hapo mwanzo kila mtandao ulikuwa na watu wake. Mwaka 2014 baadhi ya mitandao ilianza kupokeana fedha moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia katika utaratibu huo. Leo fedha huvuka kutoka mtandao hadi mtandao, na kutoka simu hadi benki, kwa muda mfupi sana, na Benki Kuu ya Tanzania imejenga mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS kwa ajili ya kuunganisha mabenki na kampuni za simu.

Mtumaji anapoingiza namba ya mpokeaji, mtambo huuliza upande wa pili namba hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Jibu hurudi, na jina huoneshwa kwenye kioo pamoja na kiasi cha fedha, kabla ya kuwekwa namba ya siri. Kituo hicho kifupi, baina ya jina kuonekana na namba ya siri kuwekwa, ndicho kilichobaki cha meza ya karani wa posta. Tofauti ni kwamba karani sasa ni mtumaji mwenyewe, na pengine yumo ndani ya daladala, au yumo katika kikao, au ana wageni. Namba ya siri ikishawekwa, fedha zimekwenda. Na tapeli huzitoa kwa wakala, au huzihamishia namba nyingine, kabla mwenyewe hajagutuka.

Nchi nyingine zimechelewa kuufikia utaratibu huu wa jina. Nchini Uingereza, hadi kufikia mwaka 2020 ndipo mabenki makubwa yalipoanza kulinganisha jina lililoandikwa na mlipaji na jina la mwenye akaunti. Kabla ya hapo malipo yalifuata namba ya akaunti tu, na jina halikutazamwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinazotumia sarafu ya yuro zilitakiwa kisheria kuanza uhakiki kama huo tarehe 9 Oktoba 2025. Ila ipo tofauti inayofaa kuzingatiwa. Huko mlipaji huandika jina analolijua yeye, kisha benki humjibu kwamba linawafikiana, linakaribiana au haliwafikiani. Huku kwetu mtambo humwonesha mtumaji jina, na yeye ndiye hulinganisha. Kwa hiyo uhakiki wetu una nguvu pale tu mtumaji anapokuwa na jina la kulinganishia, alilolipata kwa njia yake mwenyewe.

Jina halitoshi peke yake

Ni vyema ikaeleweka kwamba jina linaloonekana lina maana moja tu: laini hii imesajiliwa kwa jina hili. Halielezi nani ameishika simu kwa wakati huo.

Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 usajili wa laini za simu nchini uliwekwa chini ya utaratibu wa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Hatua hiyo ilipunguza sana laini zisizo na mwenyewe. Hata hivyo wapo watu waliowekewa kidole mara mbili na wasajili wasio waaminifu, kwa kisingizio kwamba alama ya kwanza haikukubali, na laini ya pili ikachukuliwa na mtu mwingine. Wengine wameuza au kuazima laini zao bila kujua zitatumiwa vipi. Ndiyo maana jina linaloonekana kwenye kioo huenda likawa la bibi kizee wa kijijini asiyejua lolote, ilhali simu imo mkononi mwa kijana aliye mkoa mwingine kabisa. Kila mwananchi anaweza kuzitambua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#, na akiona namba asiyoijua yafaa aende kwa mtoa huduma ikafutwe. Kufanya hivyo ni kujikinga mwenyewe na kuwakinga wengine, kwani laini hiyo ikitumika katika wizi, jina litakaloanza kutafutwa ni lake.

Zipo pia sababu zisizo na ubaya. Mtu anayejulikana mtaani kwa lakabu amesajiliwa kwa majina yake matatu. Mke anatumia laini ya mumewe. Duka linatumia namba ya kulipia yenye jina la biashara. Visiwani majina hujirudia sana, na Ali Juma Ali si Juma Ali Juma, ingawa macho yenye haraka huwaona kuwa ni mtu mmoja. Kwa hiyo jina lisilowafikiana si lazima liwe la mwizi. Ila ni sababu ya kutosha ya kusimama na kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Mambo ya Dodoma yanayohitaji hadhari

Viwanja. Tokea Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa Halmashauri, wengi wamekuwa wakitafuta viwanja Dodoma, na miongoni mwao ni watumishi kutoka Visiwani. Malipo ya Serikali, ikiwamo ya viwanja vya Halmashauri, hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, na fedha huingia moja kwa moja katika hesabu ya taasisi. Kwa upande wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, utaratibu wa namna hiyo unafanywa kupitia ZanMalipo. Mtu yeyote anayejiita ofisa, kisha akataka fedha ya kiwanja, kibali au hati itumwe kwenye namba yake ya simu, hakusanyi kwa niaba ya Serikali, hata kama jina litakaloonekana ni lile lile lililomo katika kitambulisho alichokionesha.

Ajira. Vijana wengi hufunga safari kwenda Dodoma kwa usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nafasi za Serikali haziuzwi. Anayetaka apelekewe fedha ya kupitisha jina, ya fomu au ya kumuona mkubwa, huyo ni tapeli. Na hata akiwa kweli ni mtumishi, basi anaomba rushwa. Wazazi wa vijana hao, ambao wengine huuza ng'ombe au karafuu ili mtoto apate kazi, ndio wanaoumia zaidi.

Mazao. Mfanyabiashara wa Unguja anayeagiza mahindi kutoka soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, au alizeti kutoka Singida, au zabibu ambazo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara nyingi hutakiwa kutanguliza fedha kwa dalali. Hapa uhakiki wa jina una mpaka wake. Jina linaweza kuwa sahihi, dalali akawa ndiye yeye hasa, na gunia hata moja lisiwepo. Jina humthibitisha mtu. Halithibitishi ahadi yake. Dawa ya jambo hili ni mkataba wa maandishi, malipo kwa awamu, na mtu wa kuaminika atakayeshuhudia mzigo ukipimwa kabla fedha iliyobaki haijatumwa.

Fedha ya uongo iliyopokelewa. Aina nyingine ya utapeli huanza kwa ujumbe unaofanana na ule wa kampuni ya simu, ukieleza kwamba fedha zimeingia. Dakika chache baadaye mtu hupiga akilia, anadai amekosea namba na fedha ni za mgonjwa. Mwenye huruma huzirejesha haraka, kumbe anatoa za kwake. Ujumbe si fedha. La kutazamwa ni salio, kwa kuingia katika huduma yenyewe, pamoja na kuangalia kama ujumbe umetoka kwa jina la huduma au kwa namba ya mtu binafsi. Na hata ikiwa fedha zimeingia kweli kwa makosa, aliyezipokea asizitumie wala asizipeleke kwenye namba anayotajiwa. Aiarifu kampuni ya simu, nayo ndiyo itakayozirejesha zilikotoka. Amana hurejea kwa mwenyewe kwa njia iliyo salama.

Wajibu wa wahasibu na wakuu wa ofisi

Utapeli hauishii kwa mtu mmoja mmoja. Ofisi inayolipa posho za safari za Dodoma, au inayomlipa mgavi, inaweza kupokea barua yenye nembo na mhuri ikieleza kwamba akaunti imebadilika. Mhasibu asiyeuliza hubadilisha namba katika orodha, na malipo yote yanayofuata hupotea. Mabadiliko ya akaunti yathibitishwe kwa kumpigia mhusika kwa namba iliyomo katika jalada tokea awali, na si ile iliyoandikwa katika barua mpya. Orodha ya malipo nayo isomwe na watu wawili, jina kwa jina na namba kwa namba, kabla ya kutiwa saini. Aidha, mkuu wa ofisi asimlaumu mtumishi wa chini aliyechelewesha malipo kwa saa moja kwa sababu ya kuhakiki, kwani lawama hiyo ndiyo huwafanya wengine waache kuuliza.

Fedha zikishakwenda

Aliyegundua kwamba ametapeliwa asikae kimya kwa kuona haya. Wakati ndio mali yake pekee iliyobaki. Apige mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake, ambayo ni namba 100, au apige benki yake, akiwa na kumbukumbu namba ya muamala, na aombe fedha zizuiwe. Zikiwa bado hazijatolewa, yapo matumaini. Zikishatolewa, kazi huwa ngumu.

Ujumbe wa tapeli usifutwe. Uwasilishwe kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na namba iliyoutuma, ili laini ile ifungiwe. Hata yule asiyepoteza senti yafaa afanye hivyo, kwani ujumbe alioupuuza yeye umekwenda pia kwa jirani yake. Kisha aliyeibiwa afike kituo cha Polisi kilicho karibu, ikiwa ni Unguja, Pemba au Dodoma, kwa kuwa Jeshi la Polisi ni la Muungano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa kutumia mitambo kuwa ni kosa la jinai, nayo inatumika pande zote mbili za Muungano.

Mambo ya kukumbukwa

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Jina la mpokeaji, kwa majina yake matatu, lipatikane kutoka kwa mhusika mwenyewe siku ya makubaliano na liandikwe pamoja na namba yake.

(b) Ujumbe wowote unaobadilisha namba ya kupelekea fedha uthibitishwe kwa kupiga ile namba ya zamani na kuisikia sauti ya mhusika. Ujumbe usijibiwe kwa ujumbe.

(c) Jina linaloonekana kwenye kioo lisomwe lote, polepole, kabla ya kuwekwa namba ya siri. Likitofautiana na lililoandikwa, muamala usitishwe.

(d) Jina lililotajwa ndani ya ujumbe ule ule uliotaja namba lisihesabiwe kuwa ni uthibitisho.

(e) Namba ya siri asiambiwe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki, wa kampuni ya simu au wa Serikali.

(f) Malipo ya Serikali yafanywe kwa kumbukumbu namba ya malipo, na stakabadhi ihifadhiwe.

(g) Wazee na watoto walio majumbani waelezwe mambo haya kwa lugha nyepesi, kwani wao ndio wanaopigiwa wakati mwenye nyumba yuko safarini.

Yule mtumishi wa Nkuhungu aliyetolewa mfano alikuwa na namba ya mwenye nyumba wake ndani ya simu. Kumpigia kungemchukua dakika moja na kumgharimu shilingi chache, na kodi ya miezi sita ingebaki salama. Dakika hiyo ndiyo inayoombwa kwa kila anayetuma fedha, awe Dodoma, Unguja au Pemba. Wahenga wamesema kwamba tahadhari ni kabla ya athari, na athari ya jambo hili huanza pale kidole kinapobonyeza tarakimu ya mwisho ya namba ya siri.